Kidole gumba na tepi: bwaki ilivyotambuliwa Kivu

Katika vituo vya afya vya Masisi na Walikale, hapa Kivu, mashariki mwa Kongo, muuguzi humbonyeza mtoto kwa kidole gumba juu ya miguu yote miwili kwa sekunde 3. Kishimo kikibaki miguu yote miwili, hiyo ni bwaki, yaani kwashiorkor, utapiamlo unaovimbisha mwili. Kisha tepi huzungushwa kwenye mkono wa kushoto, kati ya bega na kiwiko. Chini ya milimita 115 ni nyekundu, na mtoto anaanzishiwa matibabu.

Ujuzi huu ulichukua miaka mingi kufika vijijini. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akiwa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, alieleza ugonjwa huu kwa watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi. Madaktari wengi waliudhania ugonjwa mwingine. Mwaka 1950 wataalamu Brock na Autret walizunguka nchi za Afrika kwa niaba ya Umoja wa Mataifa wakaukuta kila mahali. Huku Kivu, watafiti wa Lwiro, kituo cha Wabelgiji kilichotokana na taasisi ya mwaka 1947, waliuchunguza kwa miaka mingi. Lakini kuutambua bado lilikuwa jambo la hospitali.

Tepi ndiyo iliyobadilisha mambo. Katika miaka ya 1970 madaktari Shakir na Morley walitumia ukanda wa rangi tatu, uliokatwa kutoka filamu kuukuu za eksirei. Asiyejua kusoma aliweza kuutumia. Leo mama mwenyewe anampima mwanawe, na kwangu hilo ni kubwa kuliko dawa yoyote. Mwaka 1996 ikaja Plumpy'Nut, karanga na maziwa ndani ya pakiti, na mtoto akatibiwa akiwa nyumbani.

Hata hivyo tepi inaonyesha wembamba tu, haielezi chanzo chake. Masisi chanzo kwa kawaida ni vita, kuhama, malaria na minyoo. Ila yupo mtoto anayepona kwa pakiti, akirudi kwenye chakula cha nyumbani anakonda tena, tumbo limejaa na anaharisha. Huko Uholanzi, katika njaa ya 1944 na 1945, daktari Willem Dicke aliona watoto wa namna hiyo wakipata nafuu mkate ulipokosekana, na kuugua tena uliporudi. Ni ugonjwa wa siliaki: ngano inaharibu utumbo wao. Afrika haikusazwa, mwaka 1999 ulipatikana kwa watoto 5.6 katika kila 100 wa Sahara Magharibi waliopimwa, watu ambao mkate ni chakula chao kikuu.

Masisi na Walikale watu hula mihogo, ndizi, maharagwe na viazi, ngano kidogo tu. Lakini mandazi na mkate vipo sokoni, na biskuti za msaada huja na wakimbizi. Kwa mtoto anayerudi na wekundu ule ule wa tepi, muuguzi amuulize mama mtoto anakula nini, na ampeleke kupimwa damu mahali kipimo kilipo. Asimkataze ngano kabla ya hapo, kwa sababu kipimo hicho huonyesha ugonjwa pale tu mtoto anapoendelea kuila.