Kuwaka, kuungua, kuteketea: msamiati wa akriliki na moto

akriliki nm [i-/zi-] plastiki ngumu na angavu itokanayo na kuunganishwa kwa molekuli za methili methakrilati, itumikayo mara nyingi badala ya kioo. Huuzwa kwa majina ya kibiashara kama Perspex na Plexiglas.

Wasomaji wengi wanaifahamu akriliki kwa mabango ya maduka na kwa vikinga vilivyowekwa juu ya kaunta za benki na ofisi wakati wa UVIKO-19. Nomino yenyewe haina utata. Utata umo katika vitenzi vinavyoandamana nayo inapokutana na moto, na kosa hapo si la umaridadi wa lugha tu, kwa kuwa fundi au mnunuzi hutenda kwa kutegemea alichosoma.

Kuwaka ni kutoa mwali au nuru. Kuungua ni kuharibiwa na moto au joto. Kuteketea ni kuungua hadi kwisha. Taa huwaka pasipo kuungua. Wali uliosahauliwa jikoni huungua na kuacha ukoko pasipo kuwaka. Nyumba ya makuti huweza kupitia hali zote tatu kwa saa moja. Akriliki iko upande wa makuti. Ipatapo joto hulainika kwanza, na joto likizidi minyororo ya molekuli zake hufumuka na kurudi kuwa mvuke wa methili methakrilati ileile iliyoiunda, nao mvuke huo ndio uwakao. Kwa kuwa haijengi tabaka la mkaa la kuikinga, huendelea kuwaka hadi iteketee, ikibakiza majivu haba.

Mfano wa kusikitisha ni jengo la burudani la Summerland, mjini Douglas katika Kisiwa cha Man, lililofunguliwa mwaka 1971. Sehemu kubwa ya kuta na paa lake ilikuwa ya vibao vya akriliki vilivyoitwa Oroglas. Kanuni ya ujenzi ilidai kuta za nje ziwe za vitu visivyowaka na zistahimili moto kwa saa mbili. Jengo hilo likaruhusiwa kutoifuata. Tarehe 2 Agosti 1973 moto ulioanzia kwenye kibanda kilichokuwa nje ya ukuta uliingia ndani, ukafika kwenye akriliki, na watu 50 wakafariki. Akriliki haikuwa sababu pekee: baadhi ya milango ya kutokea ilikuwa imefungwa, na amri ya kuwaondoa watu ilichelewa. Hata hivyo, kanuni ile ina maneno mawili ambayo watafsiri huyachanganya kila siku. Kitu kisichowaka ni sifa ya malighafi. Kitu kinachostahimili moto ni sifa ya ukuta au mlango mzima, na ustahimilivu huo huhesabiwa kwa dakika au saa. Mlango wa mbao nzito waweza kustahimili moto kwa nusu saa ilhali mbao zenyewe zinawaka.

Vipimo vya maabara vina msamiati wake. Kile kinachotajwa zaidi katika vijitabu vya bidhaa ni UL 94, kilichoasisiwa Marekani. Kipande chembamba huning'inizwa wima juu ya pamba, huwekewa mwali mdogo kwa sekunde 10, mwali huondolewa na muda huhesabiwa. Kisha huwekewa tena. Moto ukizimika ndani ya sekunde 10 kila mara, na matone yasiiwashe pamba, kipande hupewa daraja V-0. Ukizimika ndani ya sekunde 30 ni V-1. Matone yakiiwasha pamba ni V-2. Akriliki ya kawaida hushindwa hapa, nayo huishia daraja HB, ambamo kipande hulazwa na kinachopimwa ni kasi ya moto kutambaa. Nimesahihisha tafsiri ya mwanafunzi iliyoandika kwamba kibao cha HB "kimethibitishwa kutoungua". Kilichothibitishwa ni kwamba kinaungua polepole.

Angalia pia kauli za kitenzi. Moto *huzimwa* na mtu, lakini *huzimika* wenyewe. Kipimo hiki kinahusu kuzimika, na kauli ya kutendwa hupotosha maana yake yote.

Kipimo kingine huuliza ni oksijeni kiasi gani inayotosha kuuendeleza mwako. Kwa akriliki ya kawaida ni takriban asilimia 17 hadi 18. Hewa tunayovuta ina asilimia 21.

Kemikali zinazochanganywa na plastiki ili kuipunguzia mwako huitwa na wengi *kizuia moto*. Silipendi jina hilo. Kuzuia ni kukataza kitu kisitokee, ilhali kemikali hizi, kama vile misombo ya fosforasi, hukawiza kushika moto au hupunguza kasi ya kuenea. Haidroksidi ya alumini, kwa mfano, ikipata joto huachia maji, na maji hayo hupoza. Joto likidumu, maji huisha na plastiki huwaka. Napendekeza kichelewesha mwako [ki-/vi-]. Ni refu, nakiri, na mafundi huenda wakalikata liwe kichelewesha tu, hilo halidhuru. Katika akriliki vichelewesha vina gharama nyingine: vingi huifanya iwe na ukungu, na ung'avu ndio uliomfanya mtu ainunue.

Kwa watafsiri: daraja la UL 94 hutolewa kwa unene maalumu. Kijitabu kikisema V-0 kwa milimita 3, andika vyote viwili, kwa maana kibao hichohicho kikiwa cha milimita 1.5 chaweza kupata daraja la chini zaidi. Na neno la Kiingereza *inflammable* humaanisha kinachowaka kwa urahisi. Kiambishi chake cha mwanzo si cha kukanusha.