Besiboli: Mdakaji aliyechoka anapashwa kupumzishwa wakati gani?

Katika besiboli ya Marekani, ni vigumu kupata mchezaji anayetumika kila siku kama mdakaji. Kila ekipe ya ligi kuu inacheza mechi 162 katika miezi sita hivi, karibu kila siku. Mtu anayedaka bila kupumzika anafika mwezi wa nane miguu imekwisha. Akianza kukosa mipira, watu mingi wanasema ameshuka kiwango. Lakini mara nyingi si kiwango, ni uchovu.

Kazi yake ni gani?

Mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji, amevaa kofia ngumu, kinga ya uso, ya kifua na ya miguu, pamoja na glovu nene. Mrushaji wa ekipe yake anamutupia mpira wa gramu 145 hivi, wakati mwingine kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Kwa mechi moja anaweza kuchuchumaa zaidi ya mara 100. Mpira unaoguswa kidogo na fimbo ya mpigaji unabadili njia na kumupiga kwenye vidole, bega ao uso.

Kwa wale wanaozoea kabumbu, ni kama kipa ambaye pia ni kapiteni. Yeye njo anaona uwanja mzima, njo anamuambia mrushaji kwa alama ni mpira gani wa kurusha. Zamu ya ekipe yake ikifika, naye anashika fimbo na kupiga.

Kwa nini makocha wanasita?

Kocha akimuweka kwenye benchi, anapoteza mpigaji, na pia mtu ambaye warushaji wamemuzoea. Tena, sheria ya ligi kuu inasema mchezaji aliyetolewa hawezi kurudi katika mechi ile ile. Na mdakaji mwenyewe ni mara chache akubali kusema «nimechoka». Hataki mwenzake achukue nafasi yake.

Randy Hundley, Chicago

Mwaka 1968, Randy Hundley wa Chicago Cubs alidaka mechi 160, rekodi ya ligi kuu mpaka leo. Mwaka 1969 kocha Leo Durocher alimutumia tena katika mechi 151. Wakati ule uwanja wa Wrigley Field haukuwa na taa, zilifika mwaka 1988 tu. Kwa hiyo mechi za nyumbani zilichezwa mchana, hata katika joto kali.

Katikati ya mwezi wa nane 1969, Cubs walikuwa mbele kwa mechi 9. Mwisho wa msimu walikuwa nyuma ya New York Mets kwa mechi 8. Haifai kuweka lawama yote juu ya uchovu, maana Mets walishinda mechi 100 na walistahili. Lakini mpaka leo watu wa Chicago wanaulizana kama Durocher angeliwapumzisha wachezaji wake. Mwaka 1970 Hundley aliumia goti, akacheza mechi 73. Mwaka 1971, mechi 9 tu.

Salvador Pérez na Buster Posey

Mwaka 2014, Salvador Pérez wa Kansas City Royals alicheza mechi 150 za msimu, kisha mechi 15 za mwisho za kutafuta ubingwa. Katika nusu ya pili ya msimu upigaji wake ulishuka. Hata hivyo mwaka uliofuata ekipe yake ilichukua ubingwa, naye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Uchovu hauui kipaji, unakificha tu.

Buster Posey wa San Francisco alipitia njia ingine. Hakucheza mwaka 2020. Aliporudi 2021, akiwa na miaka 34, alipewa siku za kupumzika kwa mpango, siyo kwa kungojea aanguke. Alicheza mechi 113, akapiga kwa wastani wa 0.304, na ekipe ikashinda mechi 107, zaidi ya msimu wowote katika historia yake. Kisha akastaafu.

Namna ya kumupumzisha

Makocha wa leo wana njia kadhaa:

- Mechi ya usiku ikifuatwa na mechi ya mchana, mdakaji wa pili njo anaanza.
- Anaweza kuwekwa kuwa mpigaji tu, bila kudaka. Tangu 2022 nafasi hiyo iko kwa ekipe zote za ligi kuu. Miguu inapumzika, fimbo inabaki.
- Mdakaji wa pili anapewa mrushaji mmoja wa kudumu, ili kila mtu ajue siku yake mapema.
- Kama ameumia, anaandikwa kwenye orodha ya majeruhi kwa siku 10 ao zaidi.

Alama za kuangalia ni hizi: anapiga akiwa amechelewa, mpira anaourusha kwenye kituo cha pili unafika polepole, na mipira inayodunda mbele yake inaanza kumupita.

Kocha akingojea alama hizo zote zionekane, amechelewa. Siku moja ya benchi katika mwezi wa tano ni bei ndogo. Goti likiharibika katika mwezi wa tisa, hakuna benchi linaloweza kulitengeneza.