JET: Miaka 40 ya kuutunza mtambo uliowasha moto wa jua

UKIONA vyaelea, vimeundwa. Methali hii yaufaa sana mtambo wa utafiti ulioitwa JET, ambao kwa miaka 40 uliwasha moto mkali kuliko kitovu cha jua huko Culham, karibu na mji wa Oxford nchini Uingereza. Rekodi zake zilitangazwa duniani kote. Kazi ya kuuendesha na kuukarabati haikutangazwa sana, ingawa ndiyo itakayoamua iwapo umeme wa namna hii utafika majumbani siku moja.

Mitambo ya nyuklia inayozalisha umeme leo hupasua viini vya atomi nzito, kama zile za urani. JET ulifanya kinyume chake: uliunganisha viini vya atomi nyepesi za haidrojeni, kama inavyotokea ndani ya jua. Aina mbili za haidrojeni, dyuteriamu na tritiamu, zikiungana huzaa heliamu, chembe iitwayo nyutroni, na nishati nyingi.

Ugumu ni kwamba viini hivyo husukumana. Ili vigongane na kuungana, gesi hupashwa moto hadi kufikia nyuzijoto milioni 150 za Selsiasi, yaani mara 10 ya joto la kitovu cha jua. Katika hali hiyo elektroni huachana na viini, na gesi huitwa plazima. Hakuna chuma kinachoweza kuhimili kuguswa nayo. Kwa sababu hiyo, plazima huzuiliwa kwa nguvu za sumaku ndani ya chumba chenye umbo la tairi. Mtambo wa aina hiyo huitwa tokamaki.

Sekunde chache, matayarisho mengi

Ujenzi wa JET ulianza mwaka 1978 kwa ushirikiano wa nchi za Ulaya, na plazima ya kwanza ikapatikana Juni 25, 1983. Kila jaribio, ambalo wataalamu waliliita mpigo, lilidumu kwa muda mfupi tu. Sumaku 32 zilizouzunguka mtambo zilikuwa za shaba, nazo zilipata moto haraka kutokana na umeme mwingi uliopita ndani yake. Ilibidi zipozwe kabla ya kuanza mpigo mwingine.

Katika sekunde hizo mtambo ulihitaji mamia ya megawati za umeme. Ili gridi ya taifa isiyumbe, sehemu ya nishati hiyo iliwekwa akiba katika jenereta mbili, kila moja ikiwa na gurudumu la tani 775. Baina ya mpigo na mpigo, mota ziliyazungusha magurudumu hayo hadi yakapata kasi. Mpigo ulipoanza, yalipunguza mwendo na kuuachia mtambo nishati yake.

Usafi nao ulikuwa sharti. Plazima yote haikufikia uzito wa gramu moja, hivyo uchafu kidogo tu uliweza kuipoza. Pampu ziliondoa karibu hewa yote chumbani, na kuta zikapashwa moto hadi nyuzi 200 au zaidi ili unyevu ulionata utoke. Ufa usioonekana kwa macho, ukipitisha hewa au maji, uliweza kusimamisha kazi yote.

Wakati mwingine plazima yenyewe ilivurugika ghafla. Mkondo wa mamilioni ya ampea uliokuwa ukipita ndani yake ulikatika mara moja, na mshindo wa nguvu za sumaku ukakisogeza chumba, chenye uzito unaozidi tani 100, kwa milimita kadhaa. Ndiyo maana kompyuta ziliangalia dalili za hatari katika kila mpigo, na valvu maalumu zilikuwa tayari kumwaga gesi ili kupunguza makali ya mshindo huo.

Fundi asiyeingia karakana

Mwaka 1997 JET ulitoa megawati 16 za nguvu ya muunganiko, huku ukitiwa megawati 24 za kuipasha moto plazima. Ilikuwa rekodi, lakini ilikuwa na gharama. Nyutroni zilizifanya kuta za chuma zitoe mionzi, na tritiamu, ambayo nayo hutoa mionzi, ilibaki imenasa ndani. Binadamu hangeweza tena kuingia na spana mkononi.

Kazi ikahamia kwa mikono ya mashine. Mkono wenye viungo vingi, mrefu kuliko mita 10, ulipenyezwa kupitia mlango mwembamba, ukiwa umebeba jozi ya mikono midogo. Fundi aliketi katika chumba cha mbali akitazama kamera, na vishikio alivyovishika vilimrudishia hisia ya uzito na ukinzani, kana kwamba anakaza bolti kwa mkono wake mwenyewe. Mwaka 1998 sehemu ya chini ya chumba, inayopokea mabaki ya plazima, ilibadilishwa yote kwa njia hiyo.

Kazi kubwa zaidi ilifanyika kati ya mwaka 2009 na 2011. Vigae vya kaboni vilivyofunika kuta vilikuwa vikifyonza tritiamu, jambo lisilokubalika katika kituo cha umeme, kwa kuwa fueli hiyo ni adimu na ni ya hatari. Viling'olewa, na mahali pake pakawekwa vigae vya berili na tungsteni. Vumbi la berili hudhuru mapafu, hivyo mikono ya mashine iliwakinga mafundi dhidi ya sumu pamoja na mionzi. Kuta hizo mpya zikawa kielelezo kwa mtambo mkubwa wa ITER unaojengwa Cadarache, kusini mwa Ufaransa, ambao sumaku zake hupozwa mno hadi nyaya zake zipitishe umeme bila kupata moto.

Baada ya ukarabati huo JET ulitoa megajuli 59 mwaka 2021, na megajuli 69 mwaka 2023 kwa fueli ya miligramu 0.2 tu. Msomaji anayenunua umeme kwa uniti ataelewa kipimo hicho: ni kama uniti 19, zinazotosha kuchemsha takriban pipa moja la maji la lita 200. Hata hivyo, mtambo ulitumia nishati nyingi kuliko ulizotoa.

Mpigo wa mwisho, wa 105,842, ulifanyika Desemba 18, 2023. Kwa kuwa hapakuwa na cha kuhifadhi tena, watafiti waliuelekeza kwa makusudi mkondo wa elektroni kali ukutani, ili waone uharibifu wake ungekuwaje. Sasa mtambo unabomolewa kipande kwa kipande, kazi inayotarajiwa kuendelea hadi takriban mwaka 2040.

Ubomoaji huo nao ni utafiti. Kituo cha umeme hakitafanya kazi kwa sekunde tano kisha kikapumzika. Kitatakiwa kuwaka usiku na mchana, na vipuri vyake vibadilishwe mahali pasipofikika kwa mkono wa mtu. JET ulionyesha kwamba moto wa jua waweza kuwashwa duniani. Kinachosubiriwa ni jiko litakalodumu, na mafundi watakaoweza kulikarabati.