Kutoka Flora Fountain Hadi Kengeleni

Nilifika Mumbai siku nne kabla ya harusi ya rafiki yangu, na kazi niliyopewa ilikuwa moja tu: kusema maneno machache usiku wa karamu kwa niaba ya upande wa Kenya. "Dakika tatu," aliniambia. "Waambie habari za majahazi, karafuu, reli, chapati. Watu wacheke, tule." Yeye ni mzaliwa wa Mombasa, bibi harusi ndiye wa Mumbai. Hotuba aliyoitaka naijua. Mkenya yeyote aliyewahi kualikwa harusi ya Wahindi ameisikia. Na kwa vile alikuwa amebanwa na mafundi wa nguo na wapishi, aliniachia binamu yake anitembeze mjini.

Tulianza anapoanzia kila mgeni: Gateway of India, lile tao la mawe linalotazama bahari, lililokamilika 1924. Njiwa, wapiga picha, wauza puto. Kisha stesheni kuu ya reli yenye minara kama ya kanisa. Picha nilipiga, siwezi kukana. Lakini kilichonisimamisha kilikuwa kitu kidogo zaidi, katikati ya njia panda yenye honi zisizonyamaza: Flora Fountain, chemchemi ya mawe yenye sanamu ya Flora, mungu wa maua wa Warumi.

"Hii ilikuwa iitwe Frere," binamu akasema, kama mtu anayepitisha habari isiyo na uzito. "Bartle Frere, gavana wa zamani."

Mimi nimekulia Kisauni. Jina Frere nimelipanda na kulishuka kwenye matatu tangu utotoni.

Frere alikuwa gavana wa Bombay kuanzia 1862 hadi 1867. Ndiye aliyebomoa kuta za ngome ya zamani ili mji upanuke, na chemchemi ile ikajengwa 1864. Pesa zilitoka wapi? Marekani walikuwa wakipigana wenyewe kwa wenyewe, pamba ya majimbo ya kusini haikuwa ikitoka, na viwanda vya Uingereza vikaigeukia pamba ya magharibi mwa India. Bombay ikatajirika ghafla. Yaani vita vilivyozuka kwa sababu ya utumwa upande mmoja wa dunia viliujaza pesa mji huu, na wakati huohuo manowari za Uingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa kwenye bahari yetu na kuwashusha baadhi ya waliookolewa papa hapa bandarini. Wengi walikuwa watoto.

Jioni tulikwenda Chowpatty, ufukwe wa mjini, tukala bhelpuri kwenye vipande vya karatasi. Ng'ambo ya barabara kuna Wilson College, inayobeba jina la John Wilson, mmisionari wa Kiskoti. Nilimwuliza binamu kama amewahi kusikia habari za Chuma. Hakuwahi. Basi nikamsimulia huku tukila.

Mwaka uleule wa 1864, mwezi wa Juni, meli ndogo ya mvuke iliingia Bombay ikitoka Zanzibar, baada ya siku kama 45 baharini. Nahodha wake alikuwa David Livingstone, na ndani yake walikuwamo wavulana wawili kutoka nchi ambayo leo ni Malawi, Chuma na Wikatani, waliokuwa wamekombolewa mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Livingstone aliwaacha katika shule ya Wilson. Susi, mtu wa Zambezi aliyekuja naye, akatafuta kibarua bandarini. Meli yenyewe iliuzwa kwa hasara, pesa zikawekwa katika benki ya India, na benki ikaanguka. (Ule utajiri wa pamba nao haukudumu, vita vilipokwisha 1865, wengi walifilisika.) Hao Chuma na Susi ndio waliokuja kuwaongoza wenzao mwaka 1873 kuubeba mwili wa Livingstone kutoka Zambia ya leo hadi pwani, safari ya miezi.

Wengine walipelekwa Nasik, kilomita 170 hivi kutoka hapa, kwenye makao ya wamisionari wa Kianglikana. Huko walifundishwa kusoma, kuomba na ufundi, wakapewa majina ya Kizungu. Jacob Wainwright, aliyesoma ibada ya mazishi wenzake walipouzika moyo wa Livingstone chini ya mti, alikuwa wa Nasik. William Jones, Myao aliyekuja kuwa kasisi Rabai, pia wa Nasik. Mwaka 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini, na aliyekuwa ametumwa Zanzibar kumbana akubali alikuwa Frere. Waliookolewa wakahitaji makao karibu. Ndipo mwaka 1875 kijiji kikaanzishwa Kisauni, kikaitwa Frere Town, na waliotangulia kukiendesha kama walimu na mafundi walikuwa vijana wa Nasik. Mombasa iliwaita Wabombay. Walirudishwa Afrika, lakini si kwao: kwao kulikuwa bara, mwendo wa wiki nyingi, na wengine hata jina la kijiji chao walikuwa wameshalisahau.

Nilipomweleza rafiki yangu kwamba nataka kuyasema haya, alishika kichwa. "Wee, hii ni harusi, si darasa. Utumwa, kwenye karamu yangu?" Sikumlaumu. Lakini zile dakika tatu za karafuu na chapati zilikuwa zimeanza kunishinda. Ni hadithi ya kweli, ila ni ya waliopanda jahazi kwa hiari yao.

Tulikubaliana nusu kwa nusu. Usiku wa karamu nilianza na reli, watu wakacheka. Kisha nikasema kwamba watu wa kwetu waliwahi kusoma katika mji huu, wavulana wawili walioletwa na meli, na kwamba kwetu Mombasa kuna kituo kinaitwa Kengeleni kwa sababu ya kengele ya kijiji walichokijenga watoto wa Bombay. Nikaketi. Makofi yalikuwa ya heshima.

Baadaye nyanya wa bwana harusi, aliyeletwa kutoka Mombasa kwa kiti cha magurudumu, aliniita.

"Umemtaja Chuma, mwanangu. Na yule mwenziwe je?"

"Wikatani? Alirudi na Livingstone mwaka 1866, Ba. Walipofika upande wa Ziwa Nyasa alisema amepata ndugu zake, akabaki."

"Hasa," akasema. "Akafika kwao." Kisha akamgeukia mjukuu wake, amwambie mpishi aniletee sahani, kwani tangu niketi nilikuwa sijala kitu.