Jina la Bibi Katika Jalada la Mirathi

Pwani ya Afrika Mashariki kuna kauli inayorudiwa kila habari za ukoo zinapoguswa: wenye maandishi ni masharifu na wenye mashamba, waliobaki wana midomo ya wazee tu, na wazee wakishafariki habari imekwisha. Kauli hii imekaa muda mrefu kiasi kwamba hata wanaodhulumiwa nayo wameizoea. Kijana anayetaka kujua bibi wa bibi yake alitoka wapi huambiwa asijisumbue na maktaba.

Majalada yaliyohifadhiwa Kilimani, Unguja, yanasema kinyume. Katika Nyaraka za Taifa Zanzibar, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1956, wamo kwa maelfu watu wale wale wanaodhaniwa hawakuandikwa: waliokuwa watumwa, wazalia wao na wajoli wao, yaani watumwa wenzao. Serikali iliwaandika ili iwahesabu, iwalipe fidia mabwana zao, na iamue mali zao ziende kwa nani walipokufa. Nia haikuwa njema kila mara. Majina yamebaki.

Habari za Seyyid Said kuhamia Unguja, karafuu na mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa zinajulikana na kila aliyepita darasani. Anayetafuta ukoo wake anahitaji zaidi kujua ni lini karani alikaa chini na kuuliza majina. Jambo hilo lilifanyika mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1860 balozi wa Uingereza, Christopher Rigby, aliwalazimisha Wahindi waliokuwa raia wa Uingereza waliokaa Unguja kuwaacha huru watumwa wao, na orodha ya walioachwa ikaandikwa. Abdul Sheriff aliitumia orodha hiyo katika utafiti wake juu ya biashara ya Zanzibar, akionyesha watumwa wa mji ule walivyotoka mbali na mbalimbali. Kwa mwanahistoria wa uchumi, orodha ile ni takwimu. Kwa mtu wa Ng'ambo au Mbweni, ni ukurasa ambao huenda una jina la mtu wake.

Hata hivyo mwaka mkubwa ni 1897. Tarehe 6 Aprili, Sultani Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyoondoa utumwa katika sheria, lakini haikumwacha mtu huru kwa kulala na kuamka. Mtumwa aliyetaka uhuru wake ilimpasa aende mwenyewe mahakamani akauombe. Bwana wake alilipwa fidia. Aliyepewa uhuru alitakiwa aonyeshe mahali pa kukaa na njia ya kujikimu, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliwekwa kando na hawakuingia katika sheria sawa na wengine mpaka mwaka 1909.

Masharti hayo yalikuwa magumu, na ndiyo yaliyozaa karatasi. Kwa kuwa kila mtu ilimpasa asimame mbele ya mahakama, ilibidi aandikwe. Kwa kuwa fidia ililipwa, ilibidi bwana atajwe pamoja na sehemu anayokaa. Pemba, makamu balozi O'Sullivan-Beare na J. P. Farler, aliyekuwa padri wa misheni ya UMCA kabla ya kuajiriwa na serikali, waliandika ripoti baada ya ripoti kuhusu waliokuja, waliokataa kuja na waliopatana na mabwana zao nje ya mahakama. Mwaka ule ule Waquaker kutoka Uingereza walifika Pemba na baadaye wakajenga kituo chao Banani, nao wakaweka kumbukumbu zao.

Hapa mtafutaji anahitaji tahadhari moja. Watumwa wengi hawakwenda mahakamani kabisa. Walihama shamba, waliafikiana na bwana juu ya siku za kazi, au walipewa uhuru na bwana mwenyewe kwa kutafuta thawabu, kama ilivyokuwa desturi tangu zamani. Kutokuliona jina katika daftari la uhuru hakuthibitishi kwamba babu alizaliwa muungwana. Watu wawili hulishika daftari hilo vibaya: mmoja hulitumia kuwaumbua jirani zake, mwingine hulitumia kujisafisha. Wote wawili wanaliuliza swali ambalo daftari halikuandikwa kulijibu.

Kwa sababu hiyo chanzo kinachostahili kusomwa zaidi ni kile kinachosahaulika zaidi: majalada ya mirathi. Mtu aliyekuwa mtumwa alipofariki akiacha kibanda, mikarafuu michache, kanga, vyombo na deni dukani, kesi ilifunguliwa. Kwa sheria ya Kiislamu, aliyemwacha mtumwa huru huwa na haki ya walaa: marehemu akikosa warithi wa damu wanaostahiki mali yote, aliyemwacha huru au ukoo wake unaweza kudai. Basi bwana wa zamani hudai. Anatokea mwanamke akisema ni dada wa marehemu, walitekwa pamoja. Anatokea mjoli aliyekaa naye nyumba moja miaka mingi. Kadhi anauliza, majirani wanaitwa, kila mmoja anaeleza nani alikuwa nani kwa nani.

Hakuna shajara ya kisharifu inayoweza kutoa habari kama hizo. Mtaa mzima unatoa ushahidi juu ya udugu wake mwenyewe, na karani anaandika. Elisabeth McMahon, katika kitabu chake cha 2013 kuhusu Pemba baada ya utumwa, alisoma kesi za namna hii kwa uvumilivu na kuonyesha jinsi waliokuwa watumwa walivyojijengea heshima kwa ujirani, ndoa na mwenendo, walipokuwa hawana nasaba ya kutaja. Frederick Cooper, miaka zaidi ya thelathini kabla yake, alikuwa ameandika kwa umahiri mkubwa juu ya watumwa waliogeuka maskwota, ila macho yake yalikuwa kwenye kazi na ardhi. Anayetafuta ukoo atafaidika na Cooper. Kwa McMahon atapata njia ya kuingilia.

Wapo wanaosema maandishi ya mahakama za ukoloni ni sauti ya mkoloni tu na hayafai kutegemewa. Hoja hiyo ina uzito kidogo kwa ripoti za makamu balozi, ambaye alikuwa na wakubwa wa kuwaridhisha London. Kwa kesi ya mirathi haisimami. Mwanamke aliyetembea kutoka shambani hadi Chake Chake kudai sufuria za dada yake alijua alichokuwa akikisema.

Shajara za familia kubwa nazo zina jambo zinalolificha, na mara nyingi linalofichwa ni mama. Mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake huwa huru na hufuata nasaba ya baba, kwa hiyo mti wa ukoo humwandika yeye na baba yake, na mama akaachwa nje. Seyyid Said mwenyewe watoto wake waliokuwa hai alipofariki mwaka 1856 walikuwa wa masuria. Binti yake Salme, aliyekuja kuitwa Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886 na kumweleza wazi mama yake, Jilfidan, Mcherkesi aliyetekwa akiwa mtoto. Kama jumba la kifalme lilijaa mama waliotekwa, ni vigumu kuelewa kwa nini familia ya mvuvi wa Mkokotoni ione haya kumtaja bibi yake Myao.

Majina yenyewe yanahitaji kusomwa polepole. Mabruki, Feruzi, Almasi, Songoro, Uledi, Majaliwa, Faida, Zafarani: haya ni majina ambayo mabwana walipenda kuwapa watumwa wao, na wengi waliyaacha mara walipopata nafasi. Mtu aliyeandikwa "Feruzi wa fulani" mwaka 1898 anaweza kuwa Khamis bin Abdalla katika hati ya nyumba miaka kumi baadaye, kwa kuwa asiyejulikana baba yake aliitwa mwana wa mja wa Mungu. Karani wa Kiingereza naye aliandika alivyosikia, hivyo jina moja huwa na sura tatu katika jalada moja. Njia nzuri ni kulisoma kwa sauti. Nyaraka nyingi pia ni za Kiswahili kwa hati za Kiarabu na zina tarehe za Hijria. Anayeona 1315 ajue yuko kati ya 1897 na 1898.

Mabadiliko hayo ya majina yalifuatwa na mabadiliko ya makabila, na hapo ndipo mabishano ya Zanzibar yanapopanda joto. Katika sensa ya 1924 watu zaidi ya 33,000 waliandikwa Waswahili. Mwaka 1931 waliobaki katika jina hilo walikuwa kama 2,000. Watu hawakufa wala hawakuhama. Waliacha jina lililokuwa limeanza kunuka utumwa, wakaingia katika mengine, na baadaye jina la Shirazi likapata nguvu. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mchele ulipogawiwa kwa kufuata rangi, kujiita hivi au vile kulihusu pia chungu cha jioni. Wapo waandishi wanaowaita watu hao waongo. Laura Fair, aliyeandika juu ya mavazi, ngoma na siasa za Ng'ambo, aliwasikiliza kwa upole zaidi, na upole wake unaeleza mambo mengi kuliko dharau ya wengine. Mtu aliyenyang'anywa jina akiwa mtoto ana haki ya kuchagua jingine akiwa mzima. Ni wajukuu ndio wanaopaswa kujua kwamba kuna majina mawili ya kutafuta.

Jirani na hayo kuna Ofisi ya Wakfu, iliyoundwa na serikali mwaka 1905. Baadhi ya matajiri waliwawekea wakfu nyumba au mashamba watumwa waliowaacha huru pamoja na vizazi vyao. Hati ya wakfu ya namna hiyo huwataja wanufaika, na ugomvi wa wanufaika huwataja watoto wao.

Tanganyika ina njia yake. Kumbukumbu za Wajerumani zilizoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ziliingizwa na UNESCO mwaka 1997 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia, na Wajerumani walitoa hati za uhuru katika maboma yao mpaka vita vya 1914. Bagamoyo, mapadri wa Roho Mtakatifu walianzisha mwaka 1868 misheni iliyokuwa na kijiji cha watoto na watu wazima waliokombolewa. Daftari za ubatizo ni hazina, ingawa jina la mtakatifu hufunika jina la nyumbani.

Mombasa ina kesi ya pekee. Frere Town ilianzishwa na misheni ya CMS mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa majahazini, na kengele yake ndiyo iliyopa mahali hapo jina la Kengeleni. Baadhi ya watumishi wa misheni hiyo mwanzoni, kama George David na William Jones, walikuwa Waafrika waliolelewa India baada ya kukombolewa. Rabai ilijaa watoro kutoka mashamba ya pwani, mpaka wenye mashamba wakatishia kuivamia. George Mackenzie wa Kampuni ya Imperial British East Africa aliwalipa mabwana hao, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wakapewa karatasi zao za uhuru. Fred Morton ameyaeleza hayo kwa kirefu katika kitabu chake cha 1990. Baada ya hapo kuna fidia za 1907, utumwa ulipofutwa kisheria pwani ya Kenya, na madai ya ardhi yaliyofuata sheria ya hati miliki ya 1908, ambayo yanaeleza nani alikaa wapi na kwa ruhusa ya nani.

Lamu hutembelewa kwa ajili ya milango yake, na maktaba ya Msikiti wa Riyadha hupitwa. Habib Saleh, mwanzilishi wake, aliwafundisha dini watu wa chini, wakiwamo watumwa na wageni, wakati baadhi ya waungwana wa mji hawakutaka. Vitabu vya mkono vya hapo vimepigwa picha za kidijitali, na katika kurasa za mwanzo na za mwisho mna maandishi ya wakfu: jina la aliyetoa kitabu, na mara nyingine jina la aliyetolewa thawabu yake.

Anayekwenda kwenye hifadhi yoyote kati ya hizi akiwa na jina la babu peke yake atapotea. Daftari za uhuru na kesi za walaa humtaja bwana pia, kwa hiyo kinachosaidia kufungua jalada ni jina la bwana, sehemu ya shamba na makadirio ya mwaka. Hayo yote huulizwa nyumbani kwanza. Swali la jina la bwana ndilo linalowafanya wazee wanyamaze, na linataka adabu, faragha na siku zaidi ya moja. Wengi wa wanaoweza kulijibu ni wanawake waliolelewa na bibi zao, na wamezeeka.

Tatizo la Kengeleni na Mbweni ni jingine: karatasi ziko mbali. Barua na ripoti za wamisionari wa CMS waliokaa Frere Town ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, na za UMCA waliokaa Mbweni na Kiungani ziko katika Maktaba ya Bodleian, Oxford. Nakala zake zinapaswa kuwekwa Mombasa na Unguja, mahali ambapo mjukuu wa aliyeandikwa anaweza kuzifikia kwa nauli ya daladala au matatu.