Makufuli ya Ubongo

Wahenga walinena kwamba dawa ya moto ni moto. Lakini tazama, ewe msomaji, jinsi shauri hilo lilivyomponza tabibu mmoja wa mji wa Vienna.

Katika mwaka wa 1884 Sigmund Freud, daktari kijana, alikuwa na rafiki aitwaye Ernst von Fleischl-Marxow. Rafiki huyo aliumwa sana na mkono, na mofini aliyotumia kutuliza maumivu ilikuwa imemfanya mtumwa. Freud akampa kokeini, dawa ya kuchangamsha itokayo katika majani ya koka, akitumaini kumkomboa. Badala ya kukombolewa, alipata bwana wa pili, akafa mwaka wa 1891.

Wakati ule dawa zilitolewa bila kujulikana zifanyavyo kazi. Mwaka wa 1905 John Langley wa Cambridge aliona kwamba nikotini hukaza msuli, na kwamba kurare, sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini, huizuia. Akafahamu kwamba mwilini mna vipokezi. Kipokezi ni mfano wa kufuli: nikotini ni ufunguo, na kurare huziba tundu.

Mwaka wa 1957 Arvid Carlsson wa Sweden alionyesha kwamba dopamini ina kazi yake yenyewe katika ubongo. Baadaye ikajulikana kwamba kokeini huzuia dopamini isirudi ilikotoka, hata ikafurika na kugonga vipokezi mfululizo. Je, makufuli hayo yakizibwa, uraibu hautakoma?

Mwaka wa 1975 Robert Yokel na Roy Wise walijaribu kwa panya waliozoea kubonyeza kitufe wapate amfetamini. Walipopewa kizuizi kidogo, panya walibonyeza zaidi, kama mtu aongezaye sukari katika chai isiyokolea. Walipopewa kingi, walibonyeza kwa bidii, kisha wakaacha. Lakini dopamini hiyo hiyo huongoza viungo na furaha zetu za kila siku. Azibaye makufuli yote huweza kumfanya mgonjwa akakamae na kutetemeka.

Mwaka wa 1990 wataalamu wa Ufaransa walitangaza kipokezi kiitwacho D3, kipatikanacho hasa katika sehemu za ubongo zihusuzo hisia. Likazuka tumaini la kufunga mlango mmoja tu. Kwa panya tumaini hilo lilionekana. Lakini hadi leo Marekani haijaidhinisha dawa yoyote ya uraibu wa kokeini.

Basi usimcheke Freud. Alimpenda rafiki yake, ila alitoa ufunguo kabla ya kulijua kufuli. Nawe usikiapo dawa mpya ikisifiwa, uliza kwanza inafungua mlango upi, na inafunga upi.