Rozasea na jua la Unguja
Rozasea ni ugonjwa sugu wa ngozi ya uso: wekundu, joto na vipele mashavuni na puani. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hufichika, uso ukachoma tu, na wengi hudhani ni chunusi. Jua huuamsha ugonjwa huu, na Mbweni, kusini mwa Mji Mkongwe, iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, hivyo jua la saa sita hupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena Oktoba. Kwa kinga, pama la ukili hutangulia, kisha krimu ya zinki oksaidi isiyo na manukato, SPF 30 au zaidi, ikipakwa upya kila baada ya saa mbili. Liwa hupoza, ila si kinga ya kutegemewa. Chai ya moto na pilipili ya urojo nazo huuamsha ugonjwa.